Miezi saba na mashine ndogo ya kuchomelea: kutu ya Pijo 504 ya marehemu ami

Asalaam aleikum, karibuni tena gereji. Nasema gereji kwa kujipendekeza tu, maana ni kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, hapa Bamburi, Mombasa, na leo kusi inavuma, kwa hivyo mkisikia bati linagonga msishtuke.

Leo nalipa deni. Kila nikiweka video mnaniuliza: ile mashine nyekundu ya kuchomelea uliyoitoa kwenye boksi, inafaa ama haifai? Siku ile nilikataa kujibu. Kitu kipya kila mtu hukisifu. Nilitaka kwanza kutu ya hii Pijo iishe, au niishe mimi. Sasa nimemaliza koili tatu za waya, nina makovu mawili mkononi, na viatu vyangu vimetobolewa na cheche. Leo nina la kusema.

Kwa aliyeingia leo: gari ni Peugeot 504 steshen wagoni, ile ya viti safu tatu. Wazee wanaijua vizuri, ndiyo iliyokuwa ikibeba abiria wa safari ndefu kabla ya hizi matatu za leo. Modeli ya 504 ilianza kutoka Ufaransa mwaka 1968, huku kwetu ikaja kuunganishwa hapa hapa Kenya. Na mbio za Safari Rally 504 ilizishinda mara mbili: 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, 1978 na Jean-Pierre Nicolas. Hii ilikuwa ya ami yangu. Alipofariki ikakaa miaka kumi chini ya mwembe, mahali ambapo usiku unasikia bahari. Mtu wa pwani nikimwambia hivyo haniulizi tena gari ilikuwa na hali gani.

Injini ya hizi gari haifi, hilo sibishani na mtu. Kinachoziua ni bodi. 504 si kama Land Rover za zamani, zenye chesisi yake chini na bodi imepandishwa juu. Hapa bodi yenyewe ndiyo mifupa. Kizingiti cha chini ya mlango, mafundi wanakiita sili, ndicho kinachozuia gari lisikunjike katikati. Kikioza, usifikirie habari ya urembo.

Hebu sogea hapa na kamera. Mnaona hii sehemu nimeiacha kwa ajili yenu? Rangi nzima, inang'aa. Sasa nachukua bisibisi... haya. Imezama mpaka kwenye mpini. Upande wa kulia nilipofungua nilikuta puti, ile rojo ya kujazia mashimo ya bodi, chini ya puti faiba, na chini ya faiba gazeti. Wallahi, gazeti! Kuna fundi, zamani huko, alilikunja akalisokomeza ndani, akapaka puti, akapiga rangi, akalipwa. Nililikunjua, zilikuwa habari za mpira. Shida ni kwamba kule chini kuna vitundu vya kutolea maji. Matope yakiviziba, maji yanabaki ndani na chumvi yake, na lile gazeti linayanyonya kama sponji. Kutu haikuanzia nje mnakoona ninyi. Ilianzia ndani, ikala miaka, na ikitokeza kwenye rangi ujue imeshashiba.

Sasa mashine. Jina sitaji, kwa sababu mashine hii hii ukienda duka la tatu utaikuta ya buluu na jina jingine. Ni inveta, yaani mashine nyepesi ya kielektroniki, inachomelea kwa waya wenye unga ndani bila gesi, kwa waya mtupu na gesi, na kwa vijiti vya kawaida. Ubavuni wamebandika ampia 200, yaani ukali wa umeme wa kuchomea, kwa namba kubwa. Geuza nyuma usome kibao kidogo: 140, tena kwa asilimia 30. Maana yake kwenye kila dakika kumi, ukifika kiwango hicho unachoma tatu na kuipumzisha saba. Wamedanganya? Nusu. Lakini nisikilizeni: kwa bati la gari haina maana hata kidogo. Bati hili lina unene kama wa milimita 1, wakati mwingine chini ya hapo, na mimi siku zote niko kwenye ampia 40 hivi, sekunde moja moja. Anayenunua kwa kazi ya bodi asihangaike na namba ya juu. Aulize inashuka mpaka wapi. Hii inashuka hadi 30 na inatulia. Hapo imenifurahisha, naipa haki yake.

Wiki ya kwanza, hata hivyo, niliitukana. Moto unakohoa, cheche zinaruka mpaka kwenye dari, waya unarundikana juu ya bati kama kinyesi cha kuku, samahani mnaokula. Nikasema nimeuziwa takataka. Nikamwita mzee mmoja fundi wa Jomvu, amechomelea mageti tangu mimi sijazaliwa. Akafungua mlango wa pembeni, akatazama, akacheka. “Mwanangu, umevaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto.” Mashine imetoka kiwandani imefungwa kwa kazi ya gesi, bunduki, kile kishikio kinachotoa waya, iko kwenye chanya. Waya wa unga unataka bunduki iwe kwenye hasi na kibanio cha arthi, kile kinachobana bati la gari, kwenye chanya. Ni nati mbili tu, dakika mbili. Kijitabu kimeligusia hilo mstari mmoja, kwa maandishi ya kutafuta na tochi. Kwa hiyo kabla hujaitukana yako, fungua huo mlango.

Kibanio chenyewe cha arthi ni cha kutupa. Chepesi, springi imechoka toka dukani, kinashika leo kesho kinaachia. Nilinunua kizito cha shaba na mashine ikabadilika tabia. Kile kinyago cha kushika mkononi walichotia kwenye boksi, mpe mtoto achezee. La, hata mtoto usimpe, ataenda kutazamia moto. Nunua helmeti inayojitia giza yenyewe. Nilijaribu kuanza bila helmeti, kuchomea kidogo tu, nimefinya macho. Saa saba usiku niliamka kama mtu aliyemwagiwa mchanga machoni. Jirani akaniletea maziwa nitie. Msitie maziwa, nendeni zahanati.

Umeme nao: usitumie ekstensheni ile nyembamba ya pasi. Plagi inapata moto, volti zinashuka, na mashine inachoma vibaya ukidhani ni mkono wako. Na waya za betri ya gari zifunguliwe kabla hujawasha chochote.

Wengi mnauliza kwa nini nisitumie vijiti, kama wale wa mageti. Nilijaribu. Kijiti cha milimita 2.5 kwenye bati hili kilinifungulia shimo kubwa kuliko lile la kutu. Geti lina chuma kinene, linavumilia. Hapa ukikaa sekunde mbili mahali pamoja umeshaona sakafu upande wa pili.

Njia niliyofundishwa na yule mzee ni doti, yaani kuchomea nukta moja moja. Doti moja hapa, unahamia mwisho wa kiraka, doti, unarudi katikati, doti. Unaacha ipoe mpaka unaweza kugusa. Chuma kikipoa kinajivuta, na ukichoma mstari mzima kwa mkupuo, bati linajikunja kama chapati iliyosahauliwa kwenye chuma. Nyuma ya kiraka ninashikiza hiki, mnakiona? Bomba la shaba, nililipata kwa fundi wa friji, nikalipiga nyundo likawa bapa. Shaba haishikani na hii weldi na inanyonya joto, kwa hiyo bati halitoboki ovyo. Kitu cha bure, na kimenisaidia kuliko kitufe chochote cha mashine.

Kiraka nakikata kwanza kwenye karatasi ya boksi, halafu kwenye bati jeusi la geji 20. Msikate mabati ya nyumba! Yale yana zinki, moshi wake unakuletea homa ya kutetemeka, na hata weldi haikai. Na mkikata kutu, msiikate kwa huruma. Ukiona chuma kinang'aa, songa mbele vidole viwili ndipo ukate. Viraka vyangu vitatu vya mwanzo nilivishona kwenye bati lililobaki jembamba kama karatasi, nikavirudia vyote.

Basi niwaambie na kosa kubwa. Kizingiti cha kushoto nilikikata chote kwa siku moja, gari likiwa juu ya jeki, bila kufunga kitu mlangoni. Kikatoka kizuri. Nikachomelea kipya, nikafurahi, nikaita watu. Nikarudisha mlango: haufungi. Gari lilikuwa limelegea kiasi cha kidole, nami nikalichomelea likiwa hivyo hivyo. Nilikata kazi ya wiki mbili kwa grainda, nyumbani hawakusema nami siku nzima. Upande wa kulia nilijifunza: kwanza nikachomelea bomba mbili za mraba kukatiza uwazi wa mlango, nikaliegemeza gari pale magurudumu yanapobeba, nikakata kipande kwa kipande, na kila jioni narudisha mlango kuangalia nafasi yake.

Halafu gesi. Mwezi wa tano wa kazi hii nilikodi mtungi, mchanganyiko wa agoni na kabonidayoksaidi, nikatia waya mtupu wa milimita 0.6. Jamani. Ni mashine nyingine kabisa. Weldi laini, hakuna ganda la kubomoa, cheche chache, na bati halipati joto jingi. Madigadi zote mbili nilizifanya kwa gesi, na puti niliyopaka juu ni nyembamba kama siagi ya masikini. Ila gesi na kusi haviishi nyumba moja. Upepo ukiingia unaipeperusha, na weldi inatoka na vitundu kama chila. Nililazimika kuzungushia mabati pande mbili. Leso msitundike, nimeshaona inavyowaka. Na ndoo ya maji iwe karibu, maana ile lami iliyopakwa chini ya gari zamani inashika moto polepole, unagundua umeshakunywa chai.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Unataka kufanya sakafu, vizingiti, sehemu ambazo hakuna atakayezitazama? Chukua mashine hii na waya wa unga, ongeza pesa ya kibanio na helmeti, utafanya kazi ya kudumu. Unataka kugusa bati la nje, linaloonekana juani? Usianze mpaka uwe na pesa ya gesi, la sivyo utamaliza siku nzima ukisaga magamba, na kusaga kunalipunguza bati unaloliokoa. Na kama una gari moja tu lenye shimo moja, usinunue chochote, mpelekee mzee wa Jomvu wako.

Ndani ya vizingiti nimepiga praima ya zinki, juu yake nta, na vitundu vya maji nimevifungua kwa drili. Wanaonishauri oili chafu, nimewasikia. Itadondoka kwenye sakafu yangu, na siku nitakayotaka kuchomelea tena itanichoma mimi kwanza.

Haya, mlango wa kulia. Nyamazeni kidogo... Mmesikia hiyo sauti? Mara moja tu, tak. Sasa wa kushoto. Huu... subiri... huu bado unataka kusukumwa na goti.