Ziara ya mtandaoni kwenye matumbawe: swali moja tu, tukazimiwa maikrofoni

Wiki kadhaa zimepita na hasira bado ninazo, basi acha niandike.

Mimi ni mwalimu wa sayansi. Niliwalipia wanafunzi wangu ziara ya mtandaoni kwenye matumbawe ya Great Barrier Reef kule Australia, ile yenye mwongozaji mubashara. Video za kawaida tunazo tele. Nilichokuwa nalipia ni huyo mtu: watoto waulize, naye awajibu.

Picha siwezi kuzisingizia. Samaki wanapita karibu utadhani watakugusa pua, na hata yule kijana wangu anayesinzia kila kipindi aliamka. Kisha tukafika penye matumbawe meupe pe. Binti mmoja wa nyuma, ambaye sauti yake naisikia labda mara moja kwa muhula, akanyoosha mkono: "Hayo meupe yamekufa au yanaumwa?"

Jamani, hilo ndilo somo lenyewe! Tumbawe ni mnyama. Ndani ya mwili wake unaishi mwani mdogo sana unaompa rangi na sehemu kubwa ya chakula chake. Bahari ikipata joto kupita kiasi, anautoa ule mwani, anapauka, lakini bado yu hai. Maji yakipoa mapema, mwani hurudi. Joto likiendelea, ndipo anapokufa kwa njaa. Mtoto alikuwa ameligusa jambo hasa.

Mwongozaji akajibu: "Yamekufa. Tusipoteze muda, maswali mwishoni." Akatuzimia maikrofoni. Mwisho ulipofika akaaga, akaondoka, maikrofoni yetu bado imezimwa! Nimebaki napunga mikono mbele ya kamera, darasa zima linaniangalia mimi badala ya bahari. Binti kainamisha kichwa.

Nikapeleka malalamiko. Wakanijibu kwa kunishukuru kwa "maoni mazuri". Mazuri yapi?

Hapo ndipo nilipotaka kuwaambia msithubutu kununua. Lakini siku chache baadaye binti yule yule akanifuata na daftari. Amesoma kwamba matumbawe hayo yalipauka 2016, yakapauka tena 2017. "Mwalimu, kama meupe ni maiti, mwaka wa pili yaliyopauka ni yapi?" Nikamweleza kwamba 2016 iliumia zaidi sehemu ya kaskazini, na 2017 ikawa zamu ya katikati, hata hivyo, hoja yake ilinifanya nitafute kiti. Je, angeyafuatilia hayo kama asingeyaona kwa macho yake, hata kama ni kwenye skrini? Sidhani. Au pengine aliyafuatilia kwa sababu alinyamazishwa, na hilo siwezi kuwapa sifa wao.

Picha chukueni. Mwongozaji, kama kuna kitufe cha kumzima yeye, kibonyezeni mapema.

Nyota tatu. Hapana, mbili, nimeukumbuka ule ujumbe wa shukrani.