Sungura Aliyechorwa Kichwa Chini

Nimeudhika na kiatu cha farasi, kile chuma cha kwato kilichopinda chenye ncha mbili, nilichonunua kwa ajili ya harusi ya mpwa wangu, na bado sijapoa. Kijana aliyemwoa ni Mwingereza wa Cumbria, ambako Beatrix Potter, mwandishi wa hadithi za Peter Rabbit, aliishi, kwa hiyo niliona vyema kumtunza bibi harusi kwa kitu cha ukweni kwake: kiatu kilichopakwa rangi kwa mkono, chenye picha ya Peter Rabbit, yule sungura ambaye watoto wa Uingereza wamesomewa habari zake tangu 1902. Mimi ni mtu wa Tanga na desturi hii niliikuta ugenini, lakini niliielewa upesi. Bibi harusi hukibeba kikining'inia kwa utepe, kisha kiatu hicho hutundikwa nyumbani, na wengi husisitiza kwamba ncha zake zielekee juu ili bahati isimwagike.

Kilipofika, nilikilaza mezani nikakitazama kwa muda mrefu. Koti la buluu lilikuwa limekolea bila rangi kuvuka mstari hata mahali pamoja, vifungo vya shaba vilikuwa vidogo kama chembe za ulezi, na kila unywele wa sharubu ulionekana peke yake. Kisha nikakiinua kwa utepe, uliofungwa kwenye ncha zote mbili. Sungura akawa miguu juu, masikio yakielekea sakafuni.

Nilimpigia simu muuzaji. Sikudai fedha zangu. Nilitaka aseme samahani, basi. Alinijibu kwamba nikigeuze tu, kwa kuwa hakuna mgeni atakayejali, akakata simu nikiwa katikati ya sentensi.

Hata hivyo, mavyaa wa mpwa wangu alipoliona lile koti alilia, akasema ndiyo hadithi aliyosomewa na marehemu mama yake, nami nikaamua kusamehe na kuwashauri wengine wanunue, maana mkono ule unajua kuchora. Ushauri huo sasa nauondoa. Juzi nimewatembelea maharusi, nikakuta wamekitundika mlangoni ncha zikiwa chini, ili sungura asimame wima. Mpwa wangu aliniuliza kwa sauti ya chini kama wamefanya vibaya. Nilimwambia hapana, lakini chai yote niliyokunywa pale haikunipita vizuri kooni, kwa sababu swali lile hakustahili kuliuliza mtu aliyeolewa juzi.