Kambi ya sayansi ya anga na dunia kwa watoto: roketi ndo tangazo, mawe ndo kazi yenyewe

Tangazo la hii kambi lilinitia wasiwasi tangu mwanzo. Picha zote ni watoto wamevaa suti za wanaanga wanacheka, nyuma kuna roketi kubwa, nikajua basi hapa ni kwenda kupiga picha tu na kurudi na fulana na cheti. Na kweli fulana ilikuwepo, cheti kilikuwepo, na ile siku ya "mafunzo ya wanaanga" ilikuwa bure kabisa, kiti cha kuzungushwa mpaka mtoto anataka kutapika halafu picha, basi. Ila kwingine kote nimeridhika, tena sana, na upande wa dunia, yani mawe na matetemeko, ambao kwenye tangazo hata hauonekani, ndo umepangwa vizuri kuliko huo wa anga.

Siku ya wazazi kuingia niliwakuta kwenye mawe. Kila watoto wawili wana mawe mawili meupe, ukiyatazama unaona ni kitu kimoja, na msaidizi kagoma kusema ni mawe gani. Wamepewa kipande cha kioo, msumari, na kichupa cha siki, haya jitafutieni wenyewe. La kwanza likakwaruza kioo mpaka mlio unakera meno, la pili likateleza tu wala halikuacha alama. Wakalikwangua hilo la pili na msumari wakapata unga kidogo, wakaudondoshea siki, ukaanza kutoa povu, kelele hizo! Hapo ndo wakaambiwa la kwanza ni kwatzi na la pili ni kalsaiti, madini yanayotengeneza mawe ya chokaa, na kile kinachotoka kwenye povu ni hewa ya kaboni dioksaidi. Halafu ndo ikaja ile ngazi ya ugumu ya Mohs, yani madini yamepangwa kwa namba kufuatana na lipi linakwaruza lipi, ya tangu 1812, talki iko 1 na almasi 10, ukucha wako uko kwenye 2.5 hivi, kioo kama 5.5, kwatzi 7. Mtoto hakukaririshwa namba, kazikuta mwenyewe mkononi ndo akapewa majina yake. Tatizo sasa nyumbani kila jiwe analookota lazima likwaruzwe kwenye kitu, vioo vyangu nimeshavihamisha.

Kwenye anga nako kuna zoezi moja nililipenda mno. Wanaweka mpira wa kikapu, huo ndo Dunia, mpira wa tenisi ndo Mwezi, wanamwambia mtoto auweke Mwezi pale anapodhani unakaa. Karibu wote waliuweka hatua moja au mbili tu kutoka kwenye Dunia, na wazazi tuliokuwa pembeni tukawa tunatikisa vichwa kukubali, kumbe wapi! Mwezi uko mbali kama Dunia 30 zilizopangwa mstari, wastani wa kilomita 384,400, kwa mipira hiyo ni mita saba na kitu. Mtoto mmoja akauchukua ule mpira akatembea nao mpaka ukutani, akageuka akauliza, sasa sayari ya Mirihi (Mars) iko wapi? Msaidizi akamwambia hata Mirihi ikitusogelea kabisa itabidi utoke nje utembee zaidi ya kilomita moja.

Roketi za maji ni zilezile mnazozijua, chupa ya plastiki, maji, pampu ya baiskeli. Ila hawakuambiwa waweke maji kiasi gani. Waliojaza chupa karibu yote roketi ikaruka kidogo ikaanguka na kuwalowesha, maana nafasi ya hewa ya kubana ilikuwa haipo, na waliorusha chupa tupu hewa ikatoka yote kwa mara moja bila kitu kizito cha kusukuma nyuma, wakabishana weee, mwisho wakafika wenyewe kwenye theluthi moja hivi ya maji. Safi sana.

Sasa volkano. Siki na magadi, rangi nyekundu, mlima wa udongo, watoto wanapiga makofi. Hapa nilikasirika kidogo kwa sababu hawa hawa waliofundisha mawe vizuri vile wanajua kabisa volkano hailipuki kwa asidi kukutana na magadi. Magma, yani mawe yaliyoyeyuka chini ya ardhi, inapanda ikiwa na gesi ndani yake, presha ikipungua gesi inatoka kwa fujo na kuitupa nje, kama chupa ya soda iliyotikiswa halafu ukaifungua. Si wangetikisa tu soda? Ni rahisi zaidi na ndo ukweli wenyewe.

Usalama nawapa pongezi. Jua waliliangalia kwa darubini yenye chujio mbele kabisa, kwenye lenzi kubwa, sio kile kidude cha kuweka nyuma kwenye jicho ambacho kinaweza kupasuka kwa joto, na mtu mzima hakubanduka pale hata dakika moja. Wakaona madoa ya jua. Ila darubini ni moja, foleni ndefu, watoto wadogo wakachoka wakaanza kurushiana mchanga. Na usiku wa nyota ulikufa kwa mawingu, wakawekewa slaidi, hakuna siku ya fidia. Mwanangu alikuwa anaisubiri sayari ya Mshtarii (Jupita) na ile miezi yake minne aliyoiona mwanasayansi Galileo kwa darubini mwaka 1610, akalala amenuna. Mawingu sio kosa lao, ila kutokuwa na usiku wa akiba ni kosa lao, kwa hiyo ulizeni hilo kabla ya kulipa.

Ulizeni pia makundi ya umri. Wa miaka saba na wa kumi na mbili wamewekwa meza moja, matokeo yake mkubwa anafanya na mdogo anashika kikopo. Wasaidizi wenyewe ni vijana wazuri, kuna mmoja aliulizwa mbona mashimo ya mwezini karibu yote ni ya duara wakati mawe yanaweza kuja kwa kiubavu, akajibu sijui, nitakuletea jibu kesho. Na kesho yake akaleta: jiwe linakuja kwa kasi ya kilomita nyingi kwa sekunde moja, likigonga ni mlipuko, na mlipuko unasambaa pande zote. Huyo wamuongeze mshahara.

Nguo mpeni za zamani, ule udongo wa volkano hautoki.