Akkad au Blum: nani aliilea vizuri "Halloween"?

Mwaka 1978 Moustapha Akkad, mzaliwa wa Aleppo nchini Syria, alitoa takriban dola 300,000 ili mwongozaji John Carpenter atengeneze "Halloween", filamu ya kutisha kuhusu muuaji aliyevaa kinyago, Michael Myers. Fedha zilikuwa chache mno. Kinyago chenyewe kilinunuliwa dukani, sura ya nahodha wa tamthilia ya angani Star Trek, kikapuliziwa rangi nyeupe na matundu ya macho yakapanuliwa. Mpaka leo nikiuona uso ule mweupe usio na huruma nywele hunisimama.

Akkad aliushikilia mfululizo huo wa filamu kama mali ya ukoo. Filamu ya tatu, 1982, ilitoka bila Michael Myers, watazamaji wakanuna. Mwaka 1988 akamrudisha, tena jina la Myers likawekwa kwenye kichwa cha filamu. Alisimamia filamu nane hadi 2002, na hapo ndipo penye kasoro yake: visa vya undugu na laana vilirundikwa hadi hofu ikayeyuka. Alifariki 2005 kwa majeraha ya bomu la hotelini Amman.

Mtayarishaji Jason Blum aliingia 2018, akishirikiana na Malek, mtoto wa Akkad. Alikuja na fagio: kila kilichofuata filamu ya kwanza kikafutwa kwenye hadithi, Jamie Lee Curtis, nyota wa filamu ya kwanza, akarudi, Carpenter akapiga muziki. Filamu ile ni kali kuliko nyingi za Akkad, nakubali kabisa.

Hata hivyo namchagua Akkad. Asingemng'ang'ania Myers mwaka 1988, Blum angefufua nini?