Raha ya gari ya Mjerumani ninayo, mafundi wa Dar ndio wamenichosha

Sijawahi kudhalilishwa na mtu ninayemlipa mpaka nilipomiliki gari ya Mjerumani. Naandika hii bado nina hasira, kwa hiyo mtanivumilia.

Ni sedani ya silinda sita, imetokea Japani kama mitumba mingine tunayoshusha bandarini, na bei yake haikupishana sana na Toyota IST nzuri. Hapo ndipo wengi tunapovutika. Gari hizi zikizeeka bei inaporomoka, lakini spea zake haziporomoki nazo. Pampu inabaki na bei ya pampu ya gari ya kitajiri hata kama gari yenyewe sasa iko mikononi mwa mwalimu.

Ila raha ipo, na anayesema gari ni gari tu hajapanda nayo kutoka Mombo kwenda Lushoto. Ile barabara ni kona juu ya kona, na gari inazimeza bila kulala upande. Usukani unakuambia tairi zinafanya nini, gia inashuka pale pale ulipotaka ishuke. Njia hiyo hiyo nimeipita na IST ya mke wangu. Inafika, sikatai, lakini unashuka mabega yamekaza. Hapa mjini raha yenyewe ni ya kuvizia: Jumapili alfajiri, Daraja la Tanzanite likiwa tupu, unateleza juu ya maji mpaka unatamani lingekuwa refu zaidi. Siku nyingine zote ni foleni, matuta, na tochi za trafiki wanaokungoja upite 50 kwenye makazi.

Sasa hiyo siku. Barabara ya Mandela, nimeshapita Tabata nakwenda Ubungo, jua la mchana, mbele lori na nyuma lori. Modeli yangu haina mshale wa joto kwenye dashibodi. Waliotengeneza waliona dereva hana haja ya kujua. Kwa hiyo hakuna kilichopanda taratibu nikakiona. Ilitokea alama nyekundu, gari ikapoteza nguvu, nikaizima palepale katikati ya njia. Honi nilizopigiwa sitaki kuzikumbuka. Vijana wauza maji ndio waliosukuma mpaka pembeni, na hawakudai hata mia.

Ilikufa pampu ya maji. Na hapa ndipo tofauti ya gari hizi mbili ilipo, kuliko hata bei. Pampu ya IST inazungushwa na mkanda. Ikitaka kufa inaanza kuvuja, inalia, inakupa muda wa kutafuta hela. Ya kwangu inazungushwa na umeme, na ilikufa kimya, bila tone la maji chini. Nilinunua mpya Kariakoo, orijino, milioni moja na laki mbili. Kwa hela hiyo IST inafanyiwa sevisi mwaka mzima. Iliuma, lakini nilijua gari niliyonunua, nikalipa.

Gereji nilikopelekwa na gari la kuvuta, jina lake silitaji. Wana lango zuri, mashine ya kupimia na sare. Walifunga pampu, wakajaza maji ya bomba badala ya kulanti, maji maalumu ya kupoza injini, niliyowanunulia, wakanikabidhi funguo. Hazikupita siku nyingi alama nyekundu ikarudi. Nikarudisha gari. Msimamizi hakufungua hata boneti. "Hedi imepinda, hiyo. Tunashusha injini." Hedi ndiyo ile sehemu ya juu inayofunika silinda. Akataja mamilioni kama anayetaja nauli ya daladala. Akaongeza kwamba thamostati, ile vali inayozuia maji mpaka injini ipate joto, wataitoa kabisa, nchi yenyewe ya joto, ya nini? Kwenye gari hii thamostati inaongozwa na kompyuta. Ukiitoa, injini inadhani bado ni ya baridi, inakunywa mafuta, na taa ya injini haizimiki.

Nikamuuliza kwa heshima tu: kaka, umepimaje mpaka ukajua hedi imepinda? Akacheka, akawageukia wateja wengine waliokaa pale. "Mzee, kama hela huna, nunua IST. Hizi gari zina wenyewe."

Mbele za watu. Mbele ya mwanangu niliyekuwa nimetoka kumchukua shule. Mimi ambaye wiki ileile nilikuwa nimemlipa.

Nililipia gari la kuvuta tena, mpaka Sinza, kwa fundi niliyeelekezwa na jirani. Mzee mmoja anafanyia kazi chini ya mwembe, lango hana. Alipima kama moshi wa injini unaingia kwenye maji. Hauingii, kwa hiyo hedi haijapinda. Akamwaga yale maji ya bomba, akajaza kulanti, kisha akafanya kitu ambacho wale wenye sare hawakufanya: akawasha swichi bila kuwasha injini, akafungulia hita mpaka mwisho, akakanyaga mafuta mpaka chini, akashikilia kidogo. Pampu ikaanza kunguruma yenyewe, dakika kadhaa, ikitoa hewa. Ilikuwa ni hewa tu imekwama! Hedi nzima, injini nzima. Akaniomba elfu hamsini. Nilimwongeza na bado naona nina deni kwake.

Kwa hiyo kwa anayeniuliza kama anunue: kama ndiyo gari yako pekee na unaitegemea kukufikisha kazini, usinunue. Chukua IST, hata Vitz, ulale. Hilo nalisema kwa moyo mmoja. Ingawa tena, gari haikunikosea mara ya pili. Mara ya kwanza ilichoka pampu, kitu kinachochoka. Kilichokula hela na usingizi wangu ni watu wanaokisia kwa kutumia mfuko wa mwenzao, halafu ukiuliza wanakuambia huna hadhi. Ukishampata fundi kama yule mzee wa Sinza, gharama unaweza kuzipanga: kulanti kwa wakati, pampu kabla haijafa, akiba pembeni kila mwezi. Asiye na fundi wa hivyo, hata akiwa na hela nyingi, ataliwa zote.

Mke wangu anasema tuiuze kabla ya mvua za masika. Wiki iliyopita nilikubali kabisa, nikaiosha nipige picha za tangazo. Halafu nikaenda nayo kuijaza mafuta, nikapitia darajani, na picha sijazipiga mpaka leo. Labda akitokea mtu na bei nzuri. Labda. Ile gereji yenye lango lakini, hata gari ikizimikia mbele yao, nitaisukuma.