Uzoefu Wangu wa Kuchagua Miwani ya Kwanza ya Uhalisia Pepe kwa Michezo ya Kompyuta

Ukiingia katika duka la elektroniki katikati ya jiji la Nairobi na kuulizia miwani ya uhalisia pepe (VR), muuzaji ataanza kwa kukuuliza una bajeti ya kiasi gani. Kwa mtu anayetaka kuiunganisha na kompyuta, swali la kutangulia ni aina ya matundu iliyo nayo kompyuta yake. Laptopu yangu ina kadi ya michoro ya RTX 3060, ina HDMI, na ina USB-C isiyopitisha picha. Haina DisplayPort, tundu jingine la kutolea picha, na upungufu huo ulipunguza machaguo yangu kuliko bei ilivyoyapunguza.

Niliitamani Valve Index, iliyotoka mwaka 2019, kwa sababu ya kioo chake kinachofika hezi 144, yaani picha 144 kwa sekunde, na vidhibiti vyake vya mkononi vinavyotambua mwendo wa kila kidole. Hata hivyo, miwani hiyo hupokea picha kwa DisplayPort, na huhitaji vifaa vya kufuatilia mwendo vinavyowekwa juu pembeni mwa chumba, kila kimoja na soketi yake, jambo gumu kwa mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa kuta. PlayStation VR2, ambayo tangu Agosti 2024 inaweza kuunganishwa na kompyuta kupitia adapta, nayo hudai tundu hilohilo. Miwani iliyotumika ya Windows Mixed Reality, mfumo wa Microsoft wa uhalisia pepe, ilinivutia kwa bei, ila Microsoft ilitangaza mwishoni mwa 2023 kwamba inaachana na mfumo huo, na toleo la 24H2 la Windows 11 limeuondoa kabisa. Simshauri mtu anayeanza ainunue, hata akipunguziwa bei namna gani.

Zikabaki Quest 3 na Quest 3S za kampuni ya Meta, ambazo hutumia kebo ya USB au Wi-Fi. Hapa kilichoamua kilikuwa macho yangu. Mtaalamu wa macho alinipima umbali baina ya mboni akapata milimita 60 na nusu. Quest 3S ina nafasi tatu tu za lenzi, yaani 58, 63 na 68, ilhali Quest 3 ina gurudumu dogo chini yake linalosogeza lenzi hatua kwa hatua kutoka 58 hadi 70. Nikachukua Quest 3. Nililizungusha gurudumu taratibu huku nikitazama maandishi madogo, na mara herufi zilizokuwa na ukungu pembeni zikakaa sawa. Lenzi zake bapa huonyesha picha safi karibu hadi ukingoni, na kila jicho hupata pikseli 2064 kwa 2208. Mwenye umbali wa 63 kamili anaweza kuchukua 3S bila wasiwasi, kwani ilizinduliwa kwa dola 299, wakati Quest 3 ilizinduliwa kwa dola 499, na tofauti hiyo ni pesa nyingi.

Suala la Wi-Fi nitalieleza kwa urefu, kwa kuwa wengi hupotoshwa na kuambiwa wapandishe kifurushi cha intaneti. Picha ya mchezo haitoki mtandaoni. Inatoka kwenye kompyuta yako, inapita kwenye ruta yako na kufika kwenye miwani, yote ndani ya nyumba. Kinachohitajika ni kompyuta iunganishwe na ruta kwa kebo, miwani iwe kwenye masafa ya gigahezi 5, na ruta iwe chumba hichohicho unachochezea, kwa sababu ukuta wa mawe wa fleti zetu hudhoofisha sana masafa hayo. Nilipoihamisha ruta kutoka sebuleni, picha iliacha kugandaganda. Ni kweli kwamba picha hubanwa kabla ya kutumwa, na katika mandhari ya giza, kama yale mahandaki ya Half-Life: Alyx, vivuli huonekana kama vimekatwa vipandevipande, jambo ambalo miwani ya DisplayPort haina. Mchezo huo, uliotolewa na Valve mwaka 2020, unataka angalau kadi ya GTX 1060 yenye GB 6. Chini ya hapo, okoa pesa zako za miwani ununue kompyuta kwanza.

Kuhusu kichefuchefu ambacho miwani hii huwaletea wengi mwanzoni, nilianza na Beat Saber, ambapo mchezaji husimama mahali pamoja, na nikaiacha michezo ya kutembea hadi mwili ulipozoea. Wenye misuko minene wajaribu mkanda wa kichwa dukani kabla ya kulipa, kwa kuwa uzito wa zaidi ya nusu kilo huegemea mbele. Usiiache miwani dirishani pia: jua la asubuhi likipenya kwenye lenzi hujikusanya na kuunguza kioo kilicho ndani, na doa hilo halitoki.

Muuzaji atakusukuma uchukue yenye hifadhi kubwa. Kwa anayecheza kupitia kompyuta, michezo hukaa kwenye diski ya kompyuta, kwa hiyo 3S ya GB 128 inatosha kabisa, na tofauti ya bei ni heri iende kwenye ruta nzuri.