Vipuri vya kompyuta ya gemu: fedha ianzie wapi na iishie wapi

Mtu anayejiundia kompyuta ya gemu nyumbani kwa mara ya kwanza huanza na prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, kwa kuwa ndilo jina alilozoea kulisikia, na anapofika kwenye kadi ya michoro, inayochora picha za gemu, mfuko umeshakauka. Mimi hushauri uanze na skrini uliyo nayo, au ile unayokusudia kuinunua, kwa sababu ndiyo inayoamua ukubwa wa kazi itakayovikabili vipuri vingine vyote. Skrini ya pikseli 1920 kwa 1080 ina pikseli milioni 2.07 hivi za kuchorwa upya katika kila fremu, yaani kila picha moja ya mfululizo, ya 2560 kwa 1440 ina milioni 3.69, na ya 4K inafikia milioni 8.29, ambazo ni mara nne ya zile za kwanza. Hali kadhalika, skrini ya hezi 60, inayobadilisha picha mara 60 kwa sekunde, huipa kompyuta takriban milisekunde 16.7 za kuandaa kila fremu, ilhali ya hezi 144 haiipi hata milisekunde 7. Kwa wachezaji wengi ningependekeza ya 1440 yenye hezi 144, na mpangilio ufuatao umefanywa kwa kuifikiria skrini hiyo.

Nafasi ya kwanza katika matumizi ni ya kadi ya michoro, na sioni ubaya ikimeza hadi nusu ya fedha yote, skrini ukiiweka kando. Katika kadi za daraja la kati zilizotoka kati ya Desemba 2024 na Juni 2025, ya kwanza kwangu ni Radeon RX 9060 XT ya GB 16, kwa kuwa ina nguvu ya kutosha kwa skrini ya 1440 na kumbukumbu isiyoishiwa haraka. Ya pili ni GeForce RTX 5060 Ti ya GB 16. Hii hutangulia kidogo, hasa katika gemu zinazofuatilia miale ya mwanga, na teknolojia yake ya DLSS, inayochora picha ndogo kisha kuikuza, inakubaliwa na gemu nyingi zaidi kuliko FSR 4, teknolojia kama hiyo ya AMD inayotumiwa na Radeon. Kinachoishusha ni bei tu, ambayo mara nyingi huwa juu zaidi. Ukizikuta zinalingana, chukua ya pili bila kusita. Ya tatu ni Intel Arc B580 ya GB 12, ambayo ni ahueni kwa mwenye bajeti ndogo, ila inahitaji kipengele cha Resizable BAR, kinachoiwezesha prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mara moja, kiwe kimewashwa kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya ubao mama, na ikiunganishwa na prosesa ya zamani hupoteza kasi kwa kiasi kinachoonekana.

Mkiani naziweka kadi za GB 8, na hapa kuna mtego unaostahili maelezo, kwa sababu RX 9060 XT na RTX 5060 Ti zote mbili zinauzwa pia kwa GB 8 zikiwa na jina lilelile. Kumbukumbu ya kadi inapojaa, picha za kuta, nguo na majani ya gemu huanza kuvutwa kutoka kwenye RAM ya kompyuta kupitia njia iliyo finyu mno ukiilinganisha na kumbukumbu ya kadi yenyewe. Mchezaji anageuka kona, picha inaganda kwa kupepesa jicho, kisha inaendelea. Au ukuta ulio mbele yake unabaki na ukungu kama umepakwa udongo, na maandishi yake yanajitokeza baadaye akiwa ameshaupita. Wastani wa fremu kwa sekunde unaweza kuonekana mzuri huku mambo hayo yakitokea, ndiyo maana mtu anaweza kusoma vipimo na bado akanunua vibaya. Soma kiasi cha kumbukumbu kwenye boksi lenyewe, wala usiridhike na jina lililoandikwa kwenye tangazo.

Prosesa inafuata, na chaguo langu la kwanza ni Ryzen 5 7600, yenye koa sita, yaani sehemu sita za kufanyia kazi. Inakaa kwenye soketi ya AM5, iliyoanza kutumika mwaka 2022 na kupokea vizazi vilivyofuata, hivyo siku za mbele unaweza kubadilisha prosesa peke yake bila kugusa vipuri vingine. Ya pili ni Ryzen 7 7800X3D, ambayo kwa kasi ya gemu inaiacha mbali ile ya kwanza kutokana na akiba yake ya MB 96 za kashe ya ngazi ya tatu, yaani kumbukumbu ya haraka iliyo ndani ya prosesa. Nimeiweka chini kwa sababu, kwa kadi nilizozitaja na skrini ya 1440, kadi ndiyo itakayochelewa kabla ya prosesa, na tofauti ya bei ingefanya kazi zaidi ikihamishiwa kwenye kadi. Anayecheza gemu za ushindani kwenye skrini ya hezi 240 anaweza kuzibadilisha nafasi hizo. Ya tatu ni Core i5-12400F, au Ryzen 5 5600, kwa anayetaka kutumia RAM ya DDR4, kizazi kilichotangulia DDR5, aliyo nayo tayari. Zote mbili hazina michoro ya ndani, kwa hiyo kadi ikiharibika huna hata picha ya kukuwezesha kutafuta kosa.

Ubao mama, ambao wengi huuita mazabodi, hauongezi kasi ya gemu, hivyo kwa prosesa mbili za kwanza nunua wa kawaida wenye chipu ya B650, kagua kwamba una nafasi nne za RAM na angalau mbili za M.2, ambazo ni za kuchomeka SSD, kisha uendelee. RAM iwe GB 32 katika vipande viwili vya 16, aina ya DDR5 yenye kasi ya 6000. Bei ikikushinda, vipande viwili vya GB 8 ni afadhali kuliko kimoja cha 16, kwani prosesa husoma kwa njia mbili kwa pamoja, na kumnyima njia moja ni kumfunga mkimbiaji mguu. Wengi hawajui kuwa RAM hiyo haiendi kwa kasi iliyoandikwa mpaka uwashe EXPO, mpangilio wa kasi uliohifadhiwa ndani ya RAM, kwenye BIOS, na wapo waliocheza miaka miwili kwa kasi ya chini waliyoipata siku ya kwanza.

Kwenye pawasaplai, kifaa kinachogawia vipuri umeme, sina huruma na ubahili. Kadi ya RX 9060 XT ya GB 16 inakula takriban wati 160 na RTX 5060 Ti wati 180, kwa hiyo wati 550 zinatosha na 650 zinaacha nafasi ya kadi kubwa zaidi baadaye. Alama ya 80 Plus inapima ni umeme kiasi gani unapotea kama joto, wala haithibitishi ubora wa vipande vya ndani, hivyo angalia pia urefu wa dhamana na uchunguzi wa watu waliokifungua kifaa. Mimi nilinunua cha bei nafuu katika kompyuta yangu ya kwanza. Kilijizima kila mapigano yalipopamba moto, nami nikailaumu gemu kwa wiki tatu kabla ya kunusa harufu ya plastiki iliyoungua nyuma ya meza. Jambo jingine: ukibadilisha pawasaplai yenye waya za kuchomoa, badilisha na waya zake zote, kwa maana tundu zinaweza kufanana huku mpangilio wa pini ukitofautiana, na diski nyingi zimeungua kwa njia hiyo.

Kwa hifadhi, SSD ya NVMe, ile inayochomekwa kwenye nafasi ya M.2, ya TB 1 yenye PCIe 4.0 (kizazi cha njia inayopitishia data) inatosha. Ile ya SATA, aina ya zamani zaidi, hukomea karibu MB 550 kwa sekunde, lakini katika kufungua gemu tofauti ni ndogo kuliko namba zinavyodai, kwa hiyo PCIe 5.0 waachie wengine. Kasha lichaguliwe kwa matundu ya mbele na nafasi ya kutosha urefu wa kadi. Kioo na taa ni mapambo.

Siku ya kuwasha, bandua karatasi ya plastiki chini ya kipoza joto, chomeka RAM kwenye nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, na waya wa skrini uuchomeke kwenye kadi ya michoro badala ya ubao mama. Kwenye AM5 skrini inaweza kubaki nyeusi kwa dakika kadhaa mara ya kwanza, feni zikizunguka na taa ndogo ya RAM ikiwaka kwenye ubao. Ni ubao unaopima RAM yako mpya, kwa hiyo usiuzime.